Kilimanjaro kwa njia ya Machame: mlima nyota tano, kampuni... ngoja kwanza

Naandika hasira ikiwa bado haijapoa, kwa hiyo mnivumilie nikipitiliza. Wala sitawaeleza njia ya Machame ikoje na kambi zimepangwaje, hayo yamejaa kila mahali. Mimi nina jambo moja tu limenikaa kooni, jambo la chupa ya maji ya moto.

Waliowahi kufika Barafu watanielewa upesi. Ni kambi ya mwisho kabla ya kilele, mita 4,600 na ushee, na haina maji. Hakuna kijito wala bomba. Kila tone linalonywewa pale limebebwa na wagumu, yaani wapagazi, kutoka bonde la Karanga, kwa kupanda mawe. Halafu usiku mnaamshwa kwenda Uhuru, kileleni kwenyewe, baridi imeshuka chini ya sifuri, na ule mpira wa kunyonyea maji unaotoka kwenye begi unaganda mapema tu. Chupa ya kawaida nayo inabidi uibebe kichwa chini, kwa sababu barafu huanza kutanda juu, la sivyo mdomo unaziba. Kwa hiyo usiku ule chupa ya chai ndiyo roho yako. Na kiongozi wetu mkuu ndiye aliyetuhubiria tangu getini: kunyweni maji, lita tatu, nne kwa siku, asiyekunywa atashushwa kwa machela.

Msafara wetu ulikuwa mchanganyiko. Mimi na binamu yangu Watanzania, waliobaki wote Wazungu. Sisi tumelipa kwa shilingi, wenzetu kwa dola. Kiingilio cha hifadhi kwa raia ni nafuu kuliko cha mgeni, na ni haki yetu. Lakini ofisini niliuliza mapema kabisa kama na huduma nyingine tutapunguziwa, nikaambiwa hapana: chakula, mahema, wapagazi, mpishi, vyote mnalipia sawa na wengine. Nikalipa. Naomba hilo mlishike.

Dalili nilianza kuziona kambi ya Shira. Beseni la maji ya kunawa asubuhi lilikuwa linapita hema kwa hema, likifika kwetu limekuwa vuguvugu, na siku nyingine halifiki kabisa. Bisi za jioni tunakuta punje zisizopasuka. Binamu akasema acha, tusionekane watu wa kulalamika. Nikaacha.

Sasa Barafu. Tumeshakula mapema ili tulale kidogo, nikapeleka chupa yangu kwenye hema la jiko. Mpishi akainua birika kunimiminia. Kiongozi mkuu akamshika mkono.

"Hayo ya wageni."

Nikadhani kwa giza lile hajanitambua. Nikamwambia, kaka, na mimi ni mteja. Akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu, akacheka.

"Kwani wewe si mwenyeji, dada? Mwenyeji naye anaogopa baridi?"

Wapagazi waliojibanza mle jikoni kutafuta joto wakainamisha macho. Hakuna hata mmoja aliyecheka naye, naliweka hilo wazi ili lawama isiwaguse wasiohusika.

Mwenyeji! Mimi mtu wa Tanga, baridi naijua ya kwenye friji. Na hata ningekuwa nimezaliwa palepale Machame, getini, je, koo la mzaliwa wa Machame halikauki?

Nitamtetea kidogo, maana maji yalikuwa machache kweli. Mpagazi anawekewa ukomo wa mzigo wa kilo 20, mzani uko getini, na maji ni mazito kuyapandisha kule. Angeniambia, dada, leo maji ni kidogo, kila mtu nusu chupa, ningeshukuru na kuondoka na nusu yangu. Ila nilisimama pale nje nikaona chupa za wenzetu zikitoka jikoni moja baada ya nyingine, zimejaa mpaka kwenye kifuniko.

Sikulala. Nilikuwa nawaza Luteni Alexander Nyirenda, aliyepandisha bendera na Mwenge kileleni Desemba 1961. Tangu shule ya msingi tunafundishwa kwamba Mwenge ule uliwekwa juu ya mlima ulete heshima palipojaa dharau. Basi dharau yenyewe nimeikuta Barafu, imevaa jaketi la kampuni na imeshika birika.

Tuliondoka kama saa sita usiku. Kiongozi mkuu akatangulia na wageni wake. Nyuma tukabaki sisi wawili na msaidizi wake mmoja, kijana mpole ambaye siku zote zilizopita sikuwa nimemsikia akisema maneno kumi. Mpira wangu ukaganda, kama nilivyojua utaganda. Nikawa nameza mate. Kichwa kinagonga, miguu haitaki. Yule kijana akasimama, akafungua zipu ya koti, akatoa chupa yake mwenyewe. Chai ya tangawizi, sukari imekolea. "Kunywa, dada yangu. Nilijua."

Nilijua! Yaani alikuwemo jikoni jioni ile, akakaa kimya, kisha akaenda kutoa mgawo wake. Tulikunywa chupa ile sisi watatu kidogo kidogo mpaka Stella Point, ukingoni mwa kreta, mita 5,756, na begi langu alishalichukua bila kuombwa. Jua likachomoza nyuma ya Mawenzi, barafu zikageuka rangi ya waridi, na mimi nikasahau kila kitu. Wallahi, nilisamehe. Kama ningeandika maoni palepale ningetoa nyota tano na nyingine ya kukopa.

Tukafika Uhuru. 5,895, ubao ule, picha. Nani anakuja kunipa mkono? Kiongozi mkuu. "Hongera dada! Si nilikwambia mwenyeji haogopi baridi?"

Ikarudi yote.

Kushuka kwa njia ya Mweka sina la kusema, magoti yanauma kwa kila mtu. Pale chini kwenye bakshishi kikundi kilikusanya bahasha moja akabidhiwa kiongozi mkuu awagawie wenzake. Mimi na binamu tulikataa kuchangia humo. Tukapita kwa msaidizi, kwa mpishi na kwa wagumu, mkono kwa mkono. Wazungu walitushangaa. Hatukueleza.

Baadaye kampuni ilinitumia ujumbe kuomba niandike "neno zuri" ili nipate punguzo nikirudi. Nimewajibu kwamba kurudi nitarudi, mniweke na yule msaidizi, na hilo punguzo mpeni yeye. Kimya.

Kwa hiyo nyota ngapi? Chakula kizuri, mahema hayakuvuja, wapagazi ni watu na nusu, usalama sikuona kasoro. Kwa hayo ni nne. Nikikumbuka lile birika ni sifuri kabisa. Nimeweka mbili, na kesho naweza kuzibadilisha, sijui kwenda juu au chini.

Mtanzania mwenzangu unayejiandaa kwenda, na kampuni yoyote ile, kabla hujalipa uliza ofisini: maji ya moto ya Barafu ni ya nani? Wakicheka, chukua pesa yako uondoke.