Mpira mrefu wa kuvuta: wa kununua Kariakoo na wa kuuacha mezani

Kwa anayefanya mazoezi na ana fedha ya kifaa kimoja tu cha kunyooshea viungo, kifaa hicho kiwe mpira mrefu wa kuvuta, ule wa duara zima usio na mshikio wala ndoano. Dakika kumi kwa siku zinatosha kufungua sehemu tatu zinazowakwamisha wengi, wawe watu wa vyuma au wa mchakamchaka wa asubuhi: vifundo vya miguu, nyonga na mabega. Mkeka unasaidia, roli ya sponji nayo inasaidia, lakini hakuna hata kimoja kinachoweza kukivuta kiungo upande unaoutaka wakati wewe unakitembeza. Mpira unaweza.

Kazi ipo dukani. Kariakoo mipira ya aina tatu huwekwa meza moja na kuuzwa kana kwamba inafanya kazi ile ile. Vipete vifupi vya rangi vinavyokuja vitano kwenye kimfuko ni vya kukaza makalio na mapaja. Ukivilaza bapa vina urefu wa sm 30 tu, havifiki popote kwenye kunyoosha. Mirija yenye mishikio ni ya kujenga mikono na kifua, na hukatika pale mrija unapoingia kwenye mshikio. Unaoutaka ni mrefu: sm 104 ukiulaza bapa, yaani mzunguko wa sm 208, na unene wa mm 4.5 hivi.

Nenda na futi kamba ya fundi cherehani, kwa sababu mpira huu huchaguliwa kwa upana. Kilo zilizoandikwa kwenye pakiti zisikuongoze. Mpira hauna uzito mmoja, mvuto wake unaongezeka kadiri unavyourefusha. Rangi nazo hazina kanuni: mwekundu wa kiwanda hiki unaweza kuwa mzito kuliko wa kijani wa kiwanda kile, au mwepesi. Upana wa mm 13 unafaa mabega. Wa mm 29 hadi 32 unafaa nyonga na vifundo. Ukiwa na fedha ya mmoja tu, chukua wa mm 19 hadi 22. Utakuwa mzito kidogo kwa bega na mwepesi kidogo kwa nyonga, lakini kazi itafanyika.

Kabla ya kulipa, uvute mpaka mara mbili ya urefu wake kisha uangalie mgongo wake kwenye mwanga. Ukiona nyufa nyembamba kama nywele, urudishe. Hizo ni alama za jua, na mipira inayoning'inizwa barazani mchana kutwa ndiyo inayozipata. Omba wa kwenye boksi ndani. Angalia pia ukingo: mpira bora umejengwa kwa tabaka nyingi nyembamba zilizobandikwa, na ukianza kuchoka hubanduka tabaka moja moja, unapata onyo kabla haujakatika. Unga mweupe juu yake si kasoro, umepakwa ili usigandamane. Ukiuachia na ukabaki umelegea, hautakufaa. Mwenye mzio wa mpira wa asili atafute wa plastiki laini, akijua kwamba huo huchoka mapema zaidi.

Sasa matumizi, tuanze na kifundo cha mguu, maana hapo ndipo mpira unapolipa bei yake. Pitisha mpira mbele ya mguu, chini kabisa, kwenye mkunjo ulio chini ya zile nundu mbili za mfupa za pembeni. Upande wa pili ufungwe nyuma yako karibu na sakafu. Sogea mbele mpaka ukaze, peleka goti mbele kuelekea vidole huku kisigino kikibaki chini, rudi. Mara 15, pumzika, mara 15 tena, kisha mguu wa pili. Kosa linaloharibu zoezi hili ni mpira kupanda juu ya zile nundu: hapo unavuta mfupa wa goko kurudi nyuma, kinyume kabisa na unakotaka uende. Kuvutwa nyuma kwenye shavu la mguu ni sawa. Kubanwa kwa mbele si sawa. Shusha mpira au punguza safari ya goti, na kama kunaendelea, acha.

Kipimo ni ukuta. Weka kidole gumba sm 10 kutoka ukutani, gusa ukuta kwa goti bila kunyanyua kisigino. Asiyegusa ndiye yule ambaye kwenye skwati, zoezi la kuchuchumaa na kusimama, visigino vinapaa na kifua kinaanguka mbele, na kuwekewa vyuma vidogo chini ya visigino kunaficha tatizo tu. Pima kabla na baada ya zoezi. Nafuu unayoipata ni ya muda mfupi, kwa hiyo skwati zifuate papo hapo wakati kiungo bado kinasogea, na zoezi lirudiwe kila siku.

Nyonga ni kwa ajili ya wanaokaa, na foleni za Dar zinatukalisha sana. Piga goti moja chini, mpira uwe nyuma ya paja la mguu huo, juu kabisa, pale kalio linapoishia, na ufungwe mbele yako. Kaza kalio la upande huo sekunde 5, legeza, mara 8 hadi 10. Kalio lisipokazwa, kiuno kitapinda na mvuto wote utahamia mgongoni. Hiyo ndiyo sababu ya watu kusema zoezi hili linawaumiza kiuno.

Mabega hayana mengi. Shika mpira kwa upana, mikono imenyooka, upitishe kutoka mbele ya mapaja, juu ya kichwa, hadi nyuma, na kurudi. Mara 10. Viwiko vikikunjika, panua mshiko.

Kwa misuli ya nyuma ya paja, mpira una mpinzani nyumbani: kanga. Lala chali, pitisha kanga iliyosokotwa chini ya wayo, inua mguu ukiwa umenyooka. Sukuma kanga kwa kisigino sekunde 6, legeza, vuta mguu karibu zaidi ushikilie sekunde 20, rudia mara tatu. Kanga haitanuki, hivyo mguu unapata kitu imara cha kusukuma, na kwa zoezi hili inaushinda mpira. Lifanye baada ya mazoezi au jioni. Kunyoosha kwa kutulia zaidi ya sekunde 60 kwa msuli mmoja kabla ya kunyanyua kunaupunguzia msuli nguvu.

Nyumbani, mahali pa kufunga mpira kwa wengi ni nondo za dirisha au geti. Nondo yenye kutu au kingo kali inaukata mpira taratibu bila wewe kuona. Zungushia taulo kwanza, kisha pitisha mpira ndani ya mpira wenyewe ukaze. Vuta kwa nguvu ukiwa umegeuza uso pembeni kabla hujaingiza mguu, kwa sababu ukichomoka hukimbilia machoni. Usiurefushe zaidi ya mara mbili na nusu.

Utunzaji una adui watatu: jua, joto na mafuta. Usiuanike kwenye kamba ya nguo na usiuache ndani ya gari lililoegeshwa Coco Beach. Mafuta ya mgando na losheni huozesha mpira wa asili, kwa hiyo futa miguu kabla ya kuuvaa. Jasho na chumvi ya bahari osha kwa maji na sabuni kidogo, kausha kivulini, nyunyiza poda ya watoto. Ukiona ukingo umechanika hata mm 2, tupa. Fundo halirudishi nguvu, na ufa wa ukingoni ndio unaokatika ghafla wakati mvuto ni mkubwa.