Malindi kwa saa zake: Magofu ya Gede, kaa wa Dabaso na jioni ya Marafa

Kila mgeni anayefika kwangu Malindi huniuliza aende wapi na ale wapi. Kwa miaka mingi nilikuwa nikimtajia majina ya mahali, nikadhani nimemsaidia, kisha jioni anarudi amechomwa na jua na hajaona alichokifuata. Disemba iliyopita, shemeji yangu alipokuja kutoka Nakuru na watoto wake watatu, nilibadilisha mtindo: niliwapa saa kwanza, mahali baadaye. Mji huu na viunga vyake hufuata jua na maji, na ambaye hazingatii kupwa na kujaa atalipa nauli na kiingilio kile kile lakini atapata nusu ya raha.

Siku ianze mapema, tena ianzie mji wa kale, si hotelini. Katika vichochoro vilivyo karibu na msikiti wa Ijumaa wapo akina mama wanaouza mahamri na mbaazi barazani, na mmoja wao, bibi wa makamo anayekaa nyuma ya karai lake tangu baada ya sala ya alfajiri, kwangu mimi hana mpinzani. Mahamri yake huumuka yakawa matupu ndani, iliki hunukia kabla hujafikisha mkono mdomoni, na mbaazi hupikwa kwa tui jepesi hadi zilainike, ndipo hutiwa tui zito mwishoni, moto ukiwa mdogo, ili lisikatike. Siku ya kwanza tulichelewa kwa sababu watoto walikuwa wamelala. Tulipofika yapata saa tatu nilimwamkia, «Shikamoo bibi,» naye akajibu, «Marahaba mwanangu, lakini mbaazi zimekwisha. Njoo kesho mapema.» Kesho yake tulikuwa hapo saa kumi na mbili na nusu, na mtoto wa mwisho alikula mahamri matano.

Kutoka hapo tulipanda matatu kuelekea kusini, kilomita kama 16, hadi Gede. Nasema bila kusita kwamba kama mtu ana asubuhi moja tu Malindi, aitumie Gede. Huu ulikuwa mji kamili wa Waswahili, wenye kuta mbili, kasri, misikiti na nyumba za mawe ya matumbawe, uliostawi kwa karne kadhaa kabla ya kuhamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Serikali ya kikoloni iliutangaza kuwa mahali pa kumbukumbu mwaka 1927, mwanaakiolojia James Kirkman akaufukua kati ya mwaka 1948 na 1958, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hadhi hiyo ilistahili kuja mapema zaidi, kwa maoni yangu, maana hakuna mahali pengine katika pwani yetu ambapo mtu anaweza kutembea mtaani, akaingia nyumba moja, akatoka, akaingia ya jirani, na kuelewa jinsi watu walivyoishi.

Wachimbuaji waliziita nyumba hizo kwa vitu vilivyopatikana ndani yake: ipo Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Bakuli la Kaure, Nyumba ya Ushanga wa Venisi. Watoto walilipenda jambo hili kuliko yote. Walikimbia kutoka mlango mmoja hadi mwingine wakiuliza mkasi ulikuwa wa nani na ulipotea vipi, na mwongozaji wetu, kijana wa Kigiriama aliyekulia jirani na magofu, aliwajibu kwa uvumilivu mkubwa. Mchukueni mwongozaji. Bila yeye utaona kuta. Pamoja naye utaona visima, vyoo vya ndani ya nyumba, birika la kutawadhia msikitini, na kaburi lililochongwa mwaka wa Hijria 802, yaani 1399, ambalo ndilo liliwapa wataalamu nanga ya kuhesabia miaka ya mji mzima. Alitueleza pia kwa nini watu waliondoka: maji ya visima yalizidi kuzama, mashambulizi kutoka kaskazini yalizidi, na biashara ya pwani iliharibika baada ya Wareno kuingia. Nilimwona shemeji akiinama juu ya kisima kilichokauka, akakaa hapo kwa muda bila kusema neno.

Saa ya Gede ni asubuhi, mara tu lango linapofunguliwa. Mwanga huingia kwa mshazari kati ya miti mikubwa iliyokumbatia kuta kwa mizizi yake, tumbili hushuka mitini, na joto halijapanda. Ikifika saa sita, unyevunyevu wa msituni hukufanya utamani kutoka, na mabasi ya wageni yamekwisha jaa. Mtu avae viatu vilivyofunika miguu na ajipake dawa ya mbu.

Palepale penye lango upo mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993. Wanavijiji wanaoishi pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi wa vipepeo hadi vinapojifunga, kisha mradi huviuza nchi za nje kwa ajili ya maonyesho. Ni ziara ya nusu saa tu, lakini inafaa kwa watoto, na inamfundisha mtu mzima sababu moja ya msitu ule wa kilomita za mraba zipatazo 420 kuwa bado umesimama: mwenye kupata riziki kutokana na mti ulio hai hana haraka ya kuukata.

Chakula cha mchana ndicho nilichokiwekea hesabu kubwa kuliko vyote, kwa sababu kinategemea maji. Karibu na Gede, katika hori ya Mida, kikundi cha wanakijiji wa Dabaso kinaendesha mkahawa uliojengwa kwa mbao juu ya mikoko, unaojulikana kwa jina la Crab Shack. Unaufikia kwa kutembea juu ya daraja jembamba la mbao linalopita katikati ya mikoko, na kaa wanaonenepeshwa na kikundi hicho ndio wanaoletwa mezani. Nimekwenda pale maji yakiwa yamekupwa, nikaona matope na mizizi. Chakula kilikuwa kizuri lakini mandhari ilikuwa pungufu. Safari hii niliwauliza wavuvi wa Watamu siku moja kabla, nikajua maji yatajaa mwendo wa saa nane. Tulifika saa saba na nusu. Tukiwa mezani tuliyaona maji yakipanda polepole chini ya sakafu, mikoko ikabaki vichwa tu, samaki wadogo wakapita chini ya miguu yetu, na upepo wa kaskazi ukaondoa joto lote.

Kitu cha kuagiza pale ni sambusa za kaa. Manda zake ni nyembamba na kavu, hazikunywa mafuta, na ndani mna nyama ya kaa yenyewe, na kitunguu, dania na pilipili ya kutosha tu kuiamsha ladha bila kuifunika. Ukikamua ndimu juu yake, utamu wa nyama ile hubaki mdomoni. Tulifuata kwa kaa mzima wa kukaanga na wali wa nazi. Kaa huhitaji subira, kwa hiyo mwenye njaa kali aagize sambusa mapema na asiwaharakishe wapishi. Nililipa nikiwa na furaha, na zaidi nilipofikiri kwamba wanaonufaika ni watu wa kijiji wanaoitunza mikoko ile kwa mikono yao.

Mjini kwenyewe nitapita kwa haraka. Nguzo yenye msalaba ya Vasco da Gama, baharia Mreno aliyetia nanga hapa mwaka 1498 na kupewa na mfalme wa Malindi rubani wa kumvusha hadi India, inapigwa picha na kila mtu. Iendee jioni kwa ajili ya upepo na bahari, dakika ishirini zinatosha. Mimi huwapeleka wageni kwanza kwenye makaburi ya nguzo, yaani yenye mnara wa mawe, yaliyo kando ya msikiti, ambayo ni kazi ya watu wa hapa na yanastahili heshima zaidi kuliko yanayopewa. Watu hupita mbele yake wakielekea kwenye msalaba wa mgeni, nami huumia kila nikiliona hilo.

Hifadhi ya bahari, iliyotengwa mwaka 1968, ina sheria moja: nenda majira ya kaskazi na maji yakiwa yamekupwa. Wakati wa mvua, mto Sabaki humwaga matope mengi hadi bahari ikawa rangi ya chai ya maziwa, na hakuna nahodha anayeweza kukuonyesha tumbawe katika maji hayo, hata mashua yake ikiwa na kioo sakafuni.

Kuhusu chakula cha usiku, sina budi kuonya. Katika mkahawa mmoja wa ufuoni, wenye taa nzuri na vitambaa vyeupe, tuliagiza samaki wa kupaka tukangoja zaidi ya saa nzima. Aliyeletwa alikuwa amekaangwa, kisha akamwagiwa mchuzi wa nazi juu. Huyo si samaki wa kupaka. Samaki wa kupaka hupasuliwa, hukolezwa kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na ndimu, huchomwa juu ya makaa, na hupakwa tui lililopikwa likawa zito, akigeuzwa na kupakwa tena hadi tui lishike ngozi na kuungua kidogo kingoni. Tulimpata wa kweli usiku uliofuata, kwenye kibanda cha nyuma ya soko chenye mabenchi mawili, kwa bei ambayo haikufika nusu ya ile. Baada yake tulienda kula aiskrimu ya Kiitaliano, na hapo siwanyimi Waitaliano wa Malindi haki yao: kwa aiskrimu na piza, mji huu umejaliwa.

Siku ya mwisho tuliiacha kwa Marafa, korongo la udongo wa rangi nyekundu, waridi, njano na nyeupe lililo kaskazini mwa mji, ambalo wenyeji huliita Nyari. Masimulizi yao yanasema palikuwa na familia tajiri iliyokuwa ikioga maziwa huku majirani wakiwa na njaa, hadi Mungu akaididimiza ardhi pamoja na nyumba yao. Weupe wa udongo ndio maziwa yale. Niliwahi kwenda saa sita mchana, nikashuka nusu ya njia na kurudi juu nikitafuta kivuli. Safari hii tulipitia Mambrui, tukatazama kaburi la nguzo lililopambwa kwa mabakuli ya Kichina, tukafika Marafa saa kumi. Mwongozaji wa kijiji alitushusha hadi chini ya korongo, na jua lilipoanza kulala, kuta zilibadilika rangi mbele ya macho yetu, kutoka waridi hadi nyekundu iliyoiva. Mkubwa wa watoto, ambaye siku tatu nzima alikuwa na simu mkononi, aliitia mfukoni bila kuambiwa. Mwenye gari aliyetupeleka alikubali kusubiri kwa sababu tulipatana tangu asubuhi; patana naye hilo mapema, maana baada ya magharibi usafiri wa kurudi Malindi ni wa shida, na viazi karai vya barabarani havikungoji.