Nimelipia uthamini mara mbili kwa nyumba moja

Nilitaka mkopo wa kuongeza mtaji wa duka, dhamana nyumba yangu ya Goba. Mthamini wa kwanza alikaa robo saa, akapiga picha geti na sebule, na baada ya siku mbili akaleta ripoti: thamani ya soko shilingi 120,000,000. Nilifurahi sana. Dada wa mikopo pale benki akafunua kurasa zote, akarudi ya kwanza, akaniuliza: "Kaka, hii 120 imetokana na nini?" Jibu la ripoti lilikuwa mstari mmoja tu, "kwa kuzingatia hali ya soko la eneo husika." Ikarudishwa.

Ofisi ya pili, ya Kinondoni, nawapa nyota nne. Kijana wao alipima kila chumba, akaazima ngazi kwa jirani, akapanda darini na kukuta mbao mbili zimeliwa na mchwa juu ya stoo. Mbao zile zimo kwenye ripoti, na picha yake. Nyumba ni mita za mraba 142, kila mita 550,000 kuijenga: 78,100,000. Ukitoa uchakavu wa asilimia 15, mchwa wakiwemo, inabaki 66,385,000. Kiwanja mita 600 kwa 60,000, ni 36,000,000. Hiyo 60,000 nayo ina asili: wametaja viwanja vitatu vilivyouzwa Goba, tarehe zake, na kwa nini changu kimeshushwa kidogo. Njia yetu haipitiki masika, kweli kabisa. Jumla 102,385,000, wakaifanya 102,000,000.

Imepungua milioni 18 na nimeipokea kwa moyo mweupe, maana naweza kuieleza mwenyewe. Viwango vya kimataifa vya uthamini havidai ripoti nene. Vinataka msomaji aone lengo la kazi, tarehe, njia iliyotumika, takwimu kuu, mambo yaliyochukuliwa kuwa kweli, na sababu za kufikia thamani ile.

Nyota ya tano wameikosa hapo hapo. Kurasa nne nzima ni historia ya Dar es Salaam na mvua zake, lakini kuhusu hati yangu wameandika tu "tumechukulia kuwa haina mgogoro." Je, upekuzi wa ardhi, yaani kuikagua hati kwenye kumbukumbu za ofisi ya ardhi, walifanya? Nilipopiga simu wakasema walifanya. Basi kiandikwe, ndugu zangu! Kesho yake wakanitumia ukurasa mpya wenye tarehe ya upekuzi, na huo ndio niliopeleka benki.