Jungu la umeme la kuyeyushia risasi: Lee Pro 4-20, maradhi yake na wakati wa kulibadilisha

Kiswahili kina neno moja, risasi, kwa metali na kwa kile kinachotoka kwenye mtutu. Humu risasi ni metali.

Anayesubu vichwa vinavyotoka kwenye mtutu wa bunduki au chubwi za kuvulia kwa idadi ndogo mara nyingi huanza na jungu hili la Lee Precision, kampuni ya Hartford, Wisconsin. Linabeba takriban kilo 9 (pauni 20), lina koili ya wati 700, linamimina kwa tundu la chini, na chini ya tundu pana nafasi ya inchi 4 ya kuingizia kalibu. Chungu chenyewe cha chuma kinadumu. Vinavyochoka ni vinavyokizunguka, yaani vali, themostati na maungio ya waya, na vyote hivyo vinatengenezeka kwa bisibisi, koleo na mita ya kupimia umeme. Majungu mengi yanayotupwa yalikuwa bado yana kazi ya kufanya.

Kabla ya kulaumu kifaa, angalia volti. Jungu la soko la Marekani ni la volti 120. Lipo pia toleo la 220. La 120 likichomekwa kwenye soketi ya 240, nguvu haiongezeki mara mbili bali mara nne: koili ya wati 700 inasukumwa kuelekea 2,800, na haitakaa sana. Transfoma ya kushusha iwe ya wati 1,000 au zaidi, kwa sababu jungu huvuta karibu ampea 6 kwa saa nyingi mfululizo. Upungufu nao una hasara. Jungu la volti 220 likipata 200 tu, linabaki na wati 580 hivi. Kupasha kilo 9 kutoka joto la chumba hadi nyuzijoto 370 za Selsiasi kunataka kama kilojuli 620, sawa na dakika 15 za wati 700 kama joto lisingepotea popote. Kwa kweli nusu saa ni kawaida. Likichukua saa nzima, pima volti ya soketi huku jungu likifanya kazi.

Lisipopasha kabisa, chomoa plagi, liache lipoe, kisha weka mita kwenye ohmu. Kitasa cha themostati kikiwa kwenye joto la juu kabisa, kati ya pini mbili za umeme jungu la wati 700 la volti 120 linapaswa kusoma karibu ohmu 20. La volti 220, karibu 70. Mdogo wake, Production Pot IV wa wati 500, husoma kama 29 kwa volti 120. Mita isiposoma kitu, fungua kasha la pembeni upime koili kwenye teminali zake, yaani maungio ya waya. Koili ikisoma vizuri, ugonjwa uko kwenye waya, themostati au teminali, na mara nyingi ni teminali. Joto hulegeza kibano, kibano kilicholegea huongeza ukinzani, ukinzani huzaa joto zaidi, hadi teminali inakuwa nyeusi na kukatika. Kata waya mpaka ufikie shaba inayong'aa, bana teminali mpya ya chuma iliyopakwa nikeli, na tumia waya wenye ganda la silikoni au la nyuzi za kioo. Usichomelee kwa lehemu! Lehemu ya kawaida ya bati na risasi huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 183, na kiungo kitaachia siku utakapokihitaji.

Pima pia kati ya kila pini ya umeme na mwili wa jungu. Kusiwe na njia yoyote. Koili ya bomba lililojazwa unga wa magnesiamu oksaidi hunyonya unyevu ikikaa muda mrefu bila kutumika, na unyevu huo hufanya swichi ya usalama ikate umeme kila unapochomeka. Dawa ni kuikausha taratibu kwa saa kadhaa ndani ya oveni ya karakana isiyopikiwa chakula, si kukata waya wa ethi kama wafanyavyo wenye haraka. Ikikauka na bado inavuja, koili hiyo imekwisha.

Themostati ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote, ingawa ni nadra kufa. Namba za kwenye kitasa si nyuzijoto, na kidude chenyewe hakigusi risasi, kinahisi joto la kasha. Kadiri risasi inavyopungua ndivyo iliyobaki inavyozidi kupata moto huku kitasa hakijaguswa. Kwa kazi ya kawaida ya aloi, yaani risasi iliyochanganywa na metali nyingine, nyuzijoto 350 hadi 400 zinatosha (risasi tupu huyeyuka kwenye 327). Ukivuka 419 unakaribisha balaa: kipande cha zinki kilichojificha kwenye chakavu, ambacho kingeelea ukakichota, kinayeyuka na kuharibu jungu zima. Kwa hiyo kipimajoto cha kuzamisha si anasa.

Wengi hufunga kidhibiti cha kidijitali chenye kihisi cha joto cha aina ya K na relei ya elektroniki (swichi ambayo kidhibiti huiwasha na kuizima), na kwa maoni yetu hayo ndiyo matengenezo yanayolipa kuliko yote. Mambo matatu hukosewa. Kwanza, nyaya za kihisi zikigeuzwa, kipimo hushuka jungu linapopanda joto, na kidhibiti kinazidi kusukuma umeme. Pili, kihisi kikichomoka na kuning'inia hewani, matokeo ni yale yale. Kifunge kwa kibano imara, ncha izame ndani ya risasi bila kugusa ukuta. Tatu, relei ya elektroniki inapokufa kwa kawaida hufa ikiwa imejifunga, yaani umeme unapita bila kukoma. Ndiyo maana themostati ya zamani isiondolewe. Iache ndani ya saketi, juu kidogo ya joto unalolitaka, iwe mlinzi wa pili. Relei ya ampea 25 iliyofungwa kwenye kipoozea cha alumini inatosha na kubakiza.

Sasa kudondoka. Majungu ya Lee yamepewa jina la utani kwa ajili ya kudondosha, na hayakuonewa. Fimbo ya vali inakaa kwenye tundu kwa uzito wake tu, hivyo chembe moja ya taka au kutu inatosha kuacha mwanya. Risasi ikiwa ya moto, tia bisibisi kwenye mfereji ulio juu ya fimbo, izungushe kushoto na kulia mara kadhaa huku ukiikandamiza; mara nyingi tone linakoma hapo hapo. Likirudi, ongeza uzito mdogo juu ya fimbo. Likirudi tena, mwaga risasi yote, acha jungu lipoe, chomoa fimbo, isugue kwa msasa laini, paka ncha yake dawa ya kusagia vali za injini, izungushe ndani ya tundu dakika mbili tatu, kisha futa mabaki yote. Kinyume chake, tundu likiziba, risasi imeganda mdomoni: pasha mdomo kwa tochi ya gesi au upitishe waya mwembamba uliokunjwa, ukiwa umevaa glavu na miwani.

Chanzo ni chakavu kichafu. Chakavu kiyeyushwe kwanza ndani ya chungu kingine cha chuma, kichotwe taka, kimiminwe vipande safi. Jungu la kumiminia chini lipewe vipande hivyo tu. Taka ya unga inayokaa juu ndiyo yenye sumu kubwa, kwa sababu kwenye joto hili mvuke wa risasi ni kidogo kuliko vumbi. Ichote polepole, iweke kwenye kopo lenye kifuniko, nawa mikono kabla ya kula.

Kutu ndani husuguliwa kwa brashi ya waya, kwa maji yaliyotiwa siki ikibidi, ila jungu likaushwe kwa moto wake lenyewe kabla ya kipande cha kwanza cha risasi. Tone la maji chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kurusha metali hadi darini.

Kulibadilisha? Chungu kikitoboka, ndiyo, siku hiyo hiyo. Koili ikikatika, uliza kwanza bei ya koili ya asili, na ikikaribia nusu ya jungu jipya, nunua jipya. Majungu ya kampuni nyingine, RCBS Pro-Melt 2 na Lyman Mag 25, huja na vidhibiti vya kidijitali kutoka kiwandani na yanatulia zaidi, lakini kwa anayesubu mara chache Lee pamoja na kidhibiti cha pembeni vinafanya kazi ile ile kwa fedha chache. Lo lote utakalochukua, saga vali kabla ya kuliwasha mara ya kwanza, wakati tundu bado halijaonja risasi.