Nilisomewa kundali kwa saa isiyo yangu na bado ikanilenga (uzoefu wangu)

Kila nikishika simu siku hizi nakutana na tangazo la apu za unajimu wa Kihindi, wanakusomea kundali, yani ramani ya nyota ya saa uliyozaliwa, dakika za kwanza bure, halafu watu wananifuata pembeni, dada we si ulisoma India, hivi ile kitu ni ya kweli? Sasa naandika mara moja nisirudie tena. Nimeitumia mara mbili, mara zote kwa hela yangu, kwa hiyo hapa sisemi ya kuambiwa.

Mara ya kwanza ilikuwa 2014, niko Pune, mwaka wa pili wa BCom. Mwaka ule ulikuwa mbovu jamani. Nimefeli masomo mawili, kuongeza kibali cha kukaa kunanizungusha ofisi hadi ofisi, na yule niliyekuwa nae ameniacha kwa meseji. Tulikuwa tumepanga kwa aunty mmoja wa Kimarathi, mama mkarimu ananiita beta, yani mwanangu, kuniona silali akasema twende kwa pandit wetu, yani kuhani wa Kihindu, akuangalie kundali. Nikaenda. Mama yangu Tanga angejua angenifanyia kisomo siku hiyohiyo, ila mtu ukiwa umebanwa unaenda tu.

Nilitegemea nitakuta mzee na makaratasi ya kale. Nikakuta chumba nyuma ya hekalu, kompyuta, printa inayokwaruza, na kijana anajaza fomu. Sadaka rupia 501, na hiyo moja ya mwisho usiisahau maana kwao zawadi haiishii na sifuri. Wanataka vitu vitatu, tarehe, mahali na saa uliyozaliwa. Tarehe, mwanzoni mwa Agosti 1992. Mahali, Tanga. Saa, nikamfungulia picha ya kadi yangu ya kliniki ambayo mama aliwahi kunitumia, imeandikwa kwa kalamu "saa 3:00", nikamwambia three. Kijana akaandika 03:00. Kumbukeni hapo.

Ile saa ndo roho ya kundali. Kuna kitu wanaita lagna, nyota inayochomoza upande wa mashariki dakika unayozaliwa, na kwa kuwa nyota ziko 12 na siku ina masaa 24 basi inabadilika kila baada ya kama masaa mawili. Kutoka hapo wanahesabu nyumba 12, ya mwili, ya mali, ya ndoa, ya kazi na kadhalika. Mi nikatoka lagna ya Ng'ombe. Mwezi uko Mizani, kwenye kituo kinaitwa Swati, moja ya vile vituo 27 vya mwezi wanavyoita nakshatra. Nikashangaa kidogo, mi toka utoto najijua Simba, nasoma nyota zangu gazetini toka enzi za Sheikh Yahya, leo naambiwa kwanza kwao nyota ya mtu ni ya mwezi siyo ya jua, halafu hata hilo jua lenyewe liko Kaa. Sababu ni kwamba wao wanapima kwa nyota za angani zenyewe, wazungu wanaanzia kwenye msimu, na tofauti imeshafika kama digrii 24. Yani karibu nyota nzima. Ng'ombe, Kaa, Mizani, Simba nimebaki kwenye gazeti.

Sasa kusoma kwenyewe. Pandit alikuwa mpole, sauti ya taratibu. Akasema sayari ya Mirihi imekaa nyumba ya kwanza, mlangoni kabisa, kwa hiyo mimi ni manglik, ndoa yangu itakuwa na moto na mume anaweza kudhurika, dawa yake ni kuolewa kwanza na mtungi wa udongo, sitanii, ipo na inaitwa kumbh vivah, unafunga ndoa na mtungi ili balaa limwendee mtungi. Akasema kwa sasa niko kipindi cha Mshtarii mpaka 2017, sayari ya elimu na walimu, ndo maana nimevuka bahari kuja kusoma. Na akasema sayari ya Zohali inapita juu ya mwezi wangu toka 2009, sade sati, miaka saba na nusu ya mateso, ndo maana nafeli, ndo maana naachwa.

Nililia pale pale. Kila kitu kimekaa. Nikatoka hapo nikaenda duka alilonielekeza mwenyewe, nikanunua pete ya marijani nyekundu rupia 6,500, hela ya chakula ya zaidi ya mwezi, navaa kidole cha pete kuanzia Jumanne maana Jumanne ndo siku ya Mirihi.

Miezi kama miwili mbele naongea na mama kwenye simu, Idi, tunacheka, nikamuuliza tu, hivi mama usiku ule nazaliwa nani alikuwa nje anakusubiri? Akasema usiku upi mwanangu, wewe umezaliwa saa tatu asubuhi jua limeshawaka, baba yako alishafungua duka ndo akaja kuitwa.

Saa tatu. Saa tatu yetu! Saa tatu ya asubuhi, yani 9:00 kwa saa za wenzetu. Nilikaa kitandani kama nimemwagiwa maji. Mswahili mzima, nimekua nasema saa moja jua likichomoza, halafu siku ya kutoa saa ya maana kuliko zote naisoma kadi kizungu.

Nikarudi kwa pandit na aunty, nimekazana kweli, nikasema saa ilikosewa. Hakushtuka hata. Kijana akabonyeza, printa ikakwaruza, karatasi mpya. Masaa sita ni nyota tatu, lagna imehama kutoka Ng'ombe kwenda Simba, nyumba zote zimehama nayo. Mirihi ileile iliyokuwa mlangoni inaunguza waume sasa iko nyumba ya kumi, ya kazi, na kwa mtu wa lagna ya Simba hiyo ndo sayari bora kuliko zote, raja yoga, yani mpangilio wa kifalme, utakuwa na cheo beta. Aunty akanikumbatia. Nikauliza basi mi si manglik tena? Pandit akafikiri, akasema kwa lagna hapana, ila ukihesabu kuanzia kwenye mwezi Mirihi iko ya nane, kwa hiyo bado kidogo upo.

Bado kidogo upo!

Ila iliyonimaliza ni vile vipindi. Wanaviita dasha, mzunguko wote miaka 120 umegawanywa kwa sayari tisa, Rahu (haionekani angani ila wao wanaihesabu sayari) 18, Mshtarii 16, Zohali 19 na nyingine, na unaanzia pale mwezi ulipofika ndani ya kituo chake. Masaa sita mwezi unatembea robo ya kituo, kituo changu ni cha Rahu, robo ya 18 ni miaka minne na nusu, kwa hiyo maisha yangu yote yakasogea miaka minne na nusu nyuma. Mshtarii ameshaisha toka 2012. Sasa hivi niko ndani ya Zohali kwa miaka 19. Na pandit, kwa sauti ileile ya taratibu, akasema ndo maana umetoka kwenu uko ugenini, ndo maana unasoma kwa shida. Yani ugenini niliopelekwa na Mshtarii mwezi wa sita, mwezi wa nane nimepelekwa na Zohali. Na ningeletewa karatasi hii ya kwanza ningelia vilevile, naapa. Nikauliza na pete je? Akasema endelea tu kuvaa haidhuru.

Simwiti tapeli, nadhani anaamini kabisa. Ila karatasi ya saa ya mtu mwingine ilinikaa kama nguo ya kushonewa, na yangu ikanikaa vilevile, sasa inapima nini?

Baadaye mwanafunzi mwenzangu, mtoto wa palepale Pune, akaniambia mbona hilo lilishapimwa mjini kwetu. Jayant Narlikar, mwanafizikia wa anga aliyeanzisha kituo cha utafiti wa anga cha IUCAA pale Pune, yeye na wenzake akiwemo Narendra Dabholkar, daktari aliyekuwa anapinga ushirikina na aliyekuja kupigwa risasi na kufa hapohapo Pune 2013, walikusanya kundali za watoto 200, nusu wanafanya vizuri sana shuleni na nusu wana ulemavu wa akili, wakawapa wanajimu waliokubali kushindana. Wanajimu 27 walijibu, kila mmoja kundali 40, aseme tu huyu yupo kundi gani. Wakapata asilimia 46. Ukirusha shilingi unapata 50. Taasisi moja ya wanajimu ikachukua zote 200 ikapatia 102. Yalichapishwa 2009 kwenye jarida la Current Science. Na tofauti waliyoulizwa siyo ndogo kama kuachwa kwa meseji, ni kitu ambacho kama karatasi ile inaona chochote basi hicho ingekiona.

Kwa nini ilinikaa mara zote mbili nayo ina jibu la zamani, 1948 mwalimu mmoja wa saikolojia Marekani, Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 kila mmoja "maelezo yake binafsi", wakayapa wastani wa 4.26 kati ya 5, kumbe wote wamepewa karatasi moja, na mengi kayatoa kwenye kitabu cha nyota. Mi ni wa 40.

Mara ya pili ni 2023 nikiwa Dar, nimeshaolewa toka 2019 na mume ni mzima wa afya, mtungi hakuna. Nikapakua apu moja, siitaji, nikafungua akaunti mbili, moja 03:00 moja 09:00, swali moja tu, ndoa yangu itakuwaje. Wanachaji kwa dakika na mnajimu anajibu kwa kuandika, sasa angalia ujanja, "subiri kidogo mpendwa naiangalia kundali yako", dakika mbili zimeenda, "bado naiangalia", salio linakatwa. Wa kwanza kasema nitaolewa nimechelewa baada ya miaka 32. Wa pili kasema mwakani, mume ni wa serikalini. Hakuna aliyesema dada wewe una mume na mtoto. Walichokubaliana ni kimoja, kuna kizuizi, na kuna puja, yani ibada yao, ya kulipia ya kukiondoa.

Haki yao niwape. Hesabu za sayari ni safi, nilitoka usiku nikaitafuta Mshtarii pale apu iliposema na ilikuwepo. Ila hata hapo kuna mushkeli, ukiingia kwenye mipangilio unakuta unachagua kipimo cha ile tofauti ya digrii 24, Lahiri au Raman au vingine, vinapishana kama digrii moja na nusu, nilivyobadilisha tu dasha zangu zikasogea karibu miaka miwili. Wanabishana wao kwa wao na we umeshalipa. Na kwa familia zinazopima wachumba, zile alama 36 za kulinganisha kundali mbili, ambazo ukipata chini ya 18 posa inarudi, mi siingilii, sisi tunauliza ukoo wao wanauliza ukoo na Mirihi. Ila binti ya aunty alikataliwa kwa alama 14 na kijana alikuwa anampenda kweli, hiyo ilinikera mpaka leo.

Kwa hiyo nyota tano kwa hesabu, moja kwa utabiri, apu sifuri. Ukitaka kwenda nenda, ila igeuze kwanza saa yako ya Kiswahili iwe ya kizungu, na ukiweza mpe ya uongo ya kwanza halafu usikilize.

Pete ipo kwenye droo, hainiingii tena toka nijifungue. Na juzi nimemuuliza tena mama ile saa tatu ilikuwa kamili kamili? Maana ile 9:00 inaniweka ukingoni kabisa mwa Simba, dakika chache mbele nakuwa Mashuke. Akacheka, akasema wodini saa ya ukutani ilikuwa imesimama, nesi alichungulia nje akaliangalia jua akaandika.