Holstentor au Burgtor: ukiwa Lübeck upige stori na lango lipi?

Lübeck, Ujerumani, mji wa bandari ya zamani, kumebaki malango mawili ya kuingilia mjini, ya mtindo wa Gothiki (ujenzi wa Ulaya ya zama za kati), ya matofali ya kuchoma, na watu wengi wanaishia Holstentor tu. Siwalaumu, lile jumba ni balaa, lilijengwa 1464 hadi 1478, minara miwili minene imelalia upande kwa sababu chini ni udongo tepetepe, upande wa nje ukuta una unene wa mita 3 na nusu ila upande wa mjini haufiki hata mita 1, yaani adui alikuwa anatarajiwa kutokea nje tu. Mwaka 1863 lilinusurika kubomolewa kwa kura moja, we fikiria, kura moja! Baadaye likachorwa kwenye noti ya mark 50, pesa ya Ujerumani kabla ya euro. Ndani ni makumbusho, unalipa kiingilio.

Burgtor liko kaskazini, ni la 1444, kwa hiyo ndo kaka mtu, juu limevikwa kofia ya mtindo wa Baroko tangu 1685, na magari bado yanapita chini yake kama kawaida.

Kwa picha, Holstentor. Mimi lakini nalipenda zaidi Burgtor, bado liko kazini.