Uzoefu Wangu na LastQuake: Kufuatilia Matetemeko ya Ardhi Nikiwa Mwanza

Kati ya programu za simu ninazotumia kufuatilia matetemeko ya ardhi duniani, LastQuake ndiyo ambayo singekubali kuikosa. Sababu yangu kubwa si ramani yake wala wepesi wa arifa zake, bali ni kwamba inamhesabu mkazi wa kando ya Ziwa Victoria kuwa chanzo cha habari, sawa na anayeishi Istanbul au Tokyo. Inatolewa bure na EMSC, kituo cha kisayansi chenye makao yake Ufaransa, ambacho hukusanya vipimo vya matetemeko kutoka taasisi za nchi nyingi.

Namna inavyofanya kazi inastahili kuelezwa. Ardhi inapotikisika, watu hushika simu wakitaka kujua kilichotokea, na EMSC hutazama ongezeko la ghafla la wanaofungua programu na tovuti yake kutoka eneo moja. Mara nyingi dalili hiyo huonekana ndani ya dakika moja au mbili, kabla vipimo vya mitambo havijachakatwa. Kisha aliye katika eneo hilo huulizwa alichohisi. Jibu lake halihitaji maandishi, kwa kuwa huonyeshwa michoro inayoanzia mtikisiko hafifu hadi nyumba zilizobomoka, naye hugusa ule unaofanana na hali aliyoiona. Shangazi yangu anayeishi Kashai, Bukoba, mkoani Kagera, hana subira kabisa na fomu za kujaza, lakini michoro hiyo aliielewa papo hapo bila kufundishwa.

Nimemtaja shangazi kwa makusudi, maana Kagera inajua uzito wa jambo hili. Tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika ishirini na saba alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitokea huko katika kina cha takriban kilomita 40, likaua zaidi ya watu kumi na watano, likabomoa nyumba nyingi na kuharibu vibaya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato. Sisi wa Mwanza, tulio zaidi ya kilomita 200 kutoka kwenye kitovu, tulilihisi pia, na jioni ile simu zetu zilijaa ujumbe wa kusambazwa uliotaja hata saa ambayo tetemeko kubwa zaidi lingekuja. Hakuna mwanasayansi awezaye kutaja siku na saa ya tetemeko, na ninaamini kwamba mtu aliye na chanzo cha kuaminika mkononi huwa mgumu kutishwa na ujumbe wa namna hiyo.

Ripoti zetu zina thamani nyingine ambayo wengi hawaifahamu. Katika nchi yenye vituo vichache vya kupimia, mitambo inaweza kueleza tetemeko lilianzia wapi na lilikuwa na ukubwa gani, lakini si rahisi ieleze lilivyohisiwa mtaa kwa mtaa. Udongo laini hukuza mtikisiko kuliko mwamba mgumu, kwa hiyo nyumba iliyojengwa juu ya miamba ya Bugarika na ile iliyo kwenye udongo tifutifu karibu na ufukwe zinaweza kutikisika kwa viwango tofauti katika tetemeko lilelile. Tofauti hiyo itaonekana tu iwapo wakazi wa pande zote mbili watatoa taarifa.

Anayeipakua akitarajia kuonywa kabla ya mtikisiko abadili matarajio hayo mapema, kwa kuwa programu hii hutoa habari za kilichokwisha kutokea. Mawimbi ya kwanza ya tetemeko husafiri takriban kilomita 6 hadi 8 kwa sekunde, na kutoka Kagera hadi Mwanza yangetumia kama nusu dakika tu. Vilevile, matetemeko madogo ya ukanda wetu, hasa yaliyo chini ya ukubwa wa 4, aghalabu hayaonekani katika orodha za kimataifa. Ukiona kina cha kilomita 10 kamili, usikitilie mkazo mno: mara nyingi hiyo ni tarakimu inayowekwa kwa muda pale vipimo visipotosha kukokotoa kina halisi.

Kwa matukio ya mbali, imenifunza kusoma kwa utulivu. Uturuki, ambayo saa zake zinalingana na zetu, ilipigwa na tetemeko la 7.8 tarehe 6 Februari 2023, saa kumi na dakika kumi na saba alfajiri; baada ya muda wa saa tisa hivi likafuata la 7.5 kwenye ufa mwingine. Baadhi ya jamaa ninaojadiliana nao walidhani ni habari ya asubuhi inayorudiwa, mpaka tulipoziweka ramani za matukio hayo mawili bega kwa bega. Siku hiyo ndipo tulipokokotoa kwamba lile la kwanza lilitoa nishati takriban mara 700 ya tetemeko la Kagera, kwa sababu kila hatua moja ya ukubwa huongeza nishati kama mara 32. Bado ninaikumbuka simanzi iliyotuingia tulipoiona hesabu hiyo.

Kwa wanaotaka kuanza, nashauri mchague kupata arifa za matetemeko makubwa pekee kwa nchi za mbali, na za ukubwa wowote kwa yaliyo karibu. Simu nyingi huzuia programu kufanya kazi chinichini ili kuokoa chaji, hivyo ondoeni kizuizi hicho, la sivyo arifa zitachelewa. Na nyumba ikitikisika, simu isubiri: jikingeni kwanza, kisha tokeni nje mtikisiko ukishakoma, kwani ripoti inayotumwa nusu saa baadaye bado hupokelewa.